Namba Kwenye Kifuko cha Simu

Kila siku ya kwenda benki, cherehani ya Mama Sare ilikuwa kimya. Mama Sare ni fundi wa nguo za shule. Jina hilo alipewa na wateja wake. Siku kama hiyo alidamka alfajiri kwenda kupanga foleni, na foleni yenyewe ilijikokota. Jioni alirudi miguu ikimuuma, hajashona hata kola.

Lakini wiki moja alikuwa na furaha tele. Shule ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za wanafunzi wote! Tangu aanze ufundi hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Malipo ya awali yalikuwa yameshaingia kwenye akaunti yake. Kilichobaki ni kununua kitambaa.

Muuza vitambaa alikuwa na majora machache ya rangi ya sare hizo, na fundi mwingine alikuwa akiyamezea mate.

“Nakushikia mpaka kesho mchana,” alisema. “Pesa isipofika, nampa mwenzako. Biashara haina undugu.”

Mama Sare alikimbilia benki. Loo! Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Jirani yake, karani wa benki hiyo, alikuwa akipita kuzungumza na wateja.

“Shoga, na kesho utasimama hapa tena?” aliuliza karani.

“Nitafanyaje? Pesa yangu iko ndani, mimi niko nje.”

“Siku hizi unalipa kwa simu, umekaa zako kwenye cherehani. Kitambulisho unacho?”

Alikuwa nacho. Karani akamsajili, akamwambia huduma ingefunguka kesho asubuhi.

“Sasa chagua namba ya siri. Bonyeza mwenyewe,” alisema, akageuza uso upande wa pili.

Mama Sare alishangaa kidogo, lakini akabonyeza.

Nyumbani wasiwasi ukamwingia. Je, akiisahau? Basi akachukua sindano na uzi mwekundu, akaidarizi namba yake kwenye kifuko cha simu alichokuwa amekishona mwenyewe. Alijisifu moyoni. Kichwa kinaweza kusahau, lakini uzi hausahau.

Asubuhi mama mkwe wake alikikuta kifuko mezani.

“Mkwe wangu ana mkono, jamani!” alisema. “Tazameni namba zilivyonyooka!” Akazisoma zote kwa sauti.

“Zimenyooka kama ukuta wangu,” aliitikia mume wa Mama Sare, ambaye ni mwashi.

Karani alikuwa akipita kwenda kazini. Akasimama mlangoni.

“Shoga, hiyo si namba yako ya siri?”

“Ndiyo yenyewe. Nimeiweka hapo nisije nikaisahau.”

“Masikini! Umefunga mlango, halafu ufunguo umeutundika nje!”

Mama Sare alishtuka.

“Mwizi akichukua simu na kifuko, amechukua na akaunti yako,” alieleza karani. “Namba ya siri inakaa kichwani tu. Usiiandike. Usimwambie mtu. Hata mimi usiniambie. Na mtu akikupigia simu, akasema anatoka benki na anaitaka namba hiyo, kata simu. Benki haikuulizi namba ya siri.”

“Hata mume asiijue?” aliuliza mwashi.

“Hata wewe, shemeji.”

“Haya, mimi nibaki na matofali yangu!” Wote wakaangua kicheko.

Karani alimwonyesha Mama Sare jinsi ya kubadili namba. Kisha Mama Sare akaingiza akaunti ya muuza vitambaa na kiasi cha pesa.

“Subiri kwanza,” alisema karani. “Soma jina linalotokea. Ni lake?”

“Ni lake.”

“Soma na kiasi. Kiko sawa? Haya, tuma.”

Mama Sare alibonyeza. Ujumbe ukaingia papo hapo. Mara simu ikalia.

“Mama Sare, pesa imefika!” Alikuwa muuza vitambaa. “Njoo uchukue majora yako!”

Mama Sare alipiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. Siku hiyo cherehani ilinguruma mpaka jioni. Kifuko nacho kilifumuliwa ule uzi mwekundu, kikadariziwa ua.

Shule ilipofunguliwa, watoto walipita mbele ya nyumba wakiwa na sare mpya. Mama mkwe aliwatazama wote, mmoja mmoja. Kisha akajifunga kanga, akaenda benki kujisajili. Na yeye ana pesa zake za kuuza mayai.

Kesho yake jioni alishika simu kutuma pesa kwa mara ya kwanza.

“Geukeni!” aliamuru.

Mwashi akageukia ukuta. Mama Sare naye akageuka, akijizuia kucheka.

“Na wewe, fundi,” sauti ikamfuata, “weka sindano chini!”