Chupa ya Meno Meupe

Saa mbili asubuhi kufuli la kabati la kliniki ya meno lilikutwa limekatwa, na ajabu ni kwamba hakuna kilichoibwa. Meno yote ya majaribio, yaliyong'olewa na kuzibwa kwa saruji mpya yenye zinki, yalikuwemo chupani, yakisubiri wakaguzi wa saruji hiyo. Hata hivyo Dakta Hina Memon hakutulia. Chumba cha pili bintiye Mahnoor, wa miaka saba, alikuwa kitini tayari, mtoto wa kwanza kuzibwa kwa saruji ile inayorudishia jino madini yake.

Hina alimwita Khala Zulekha, mama yake mdogo, inspekta mstaafu wa polisi wa Karachi. Alifika amenuna, maana mlangoni walimnyang'anya tambuu aliyokuwa akitafuna.

"Ni mlinzi huyo," alisema Dakta Farrukh, bingwa wa kunyoosha meno na mshirika wa Hina. "Ana koleo."

"La kukazia bomba, sahib!" alimaka mlinzi Gulfam. "Meno ya watu niyafanyie nini, niyapikie supu?"

Khala alikaa, akainuka, akakaa tena. Ulimi ulimwasha bila tambuu. Mwishowe aliinua chupa dirishani.

"Hina, meno haya mliyapata wapi?"

"Kwa wazee wa mtaa wa Lyari. Hata lako limo, Khala."

"Nionyeshe."

Hina alichungulia. Yote yalikuwa meupe pee.

Khala alifunua midomo. Meno yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya tambuu. "Langu lilikuwa hivi. Haya ni ya vijana, tena mazima. Nani hapa hung'oa meno mazima?"

"Meno ya mtoto yakibanana, hung'olewa mawili matatu ili mengine yanyooke..." Hina alimgeukia Farrukh.

"Upuuzi! Niyabadilishe kwa nini?"

"Utatuambia wewe, beta, mwanangu. Harakisha, mtoto yuko kitini."

Farrukh alijifuta jasho. "Saruji imeshindwa. Niliyapima meno ya wazee wiki jana ulipoyaacha mezani, Hina. Yamezidi kulainika. Na mimi nilishaapa mbele ya wakuu kwamba inaponya! Leo wakaguzi wangenicheka, ndiyo maana usiku nilikata kufuli nikaweka haya mazima, nimeyaziba vilevile. Lakini haimdhuru mtoto."

"Jino lingemwozea chini kwa chini, nami nikijisifu limepona!" Hina alifoka.

Hina alitoka mbio. Msaidizi alikuwa ameshakoroga saruji, na Mahnoor ameachama, macho ameyafumba kwa ujasiri.

Hina alimshika kidevu. "Funga mdomo, mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka.