Kwaya Juu ya Hesabu

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ilikuwa kuanika kahawa. Nilitandaza buni kwenye kichanja na kuchambua mbovu, huku Baba mdogo Kilian akinywa uji mlangoni na kunihimiza. "Ottilia, kahawa haichambuliwi kwa macho ya usingizi!" Nyumbani alikuwa baba mdogo. Tukifika shuleni alikuwa Mwalimu, na ole wako ukisahau.

Mwaka huo, 1993, maduka ya Mbinga yalijaa redio za kaseti, nasi watoto tulizijua kuliko jedwali la kuzidisha. Lakini shule yetu ilikuwa na kitu kisichouzwa dukani: kompyuta, iliyoachwa na padre mgeni. Ilikuwa kibodi nene iliyounganishwa na televisheni, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, zikasomwa na redio iliyounganishwa nayo kwa waya. Mwalimu Kilian alimaliza likizo mbili akiandika programu ya maswali ya hesabu kwa Kiswahili. Ukikosea, ilikuandikia, "Pole, rudia taratibu." Wenzetu wa vijiji vya Mpepai na Mkumbi walitembea kwa miguu kila Jumamosi kuja kuitumia, maana mtihani wa darasa la saba ulikuwa karibu.

Sikuwahi kusikia kaseti hiyo inavyolia, kwa sababu Mwalimu akichomeka waya, redio ilinyamaza. Basi Jumatano moja nilitaka kaseti ya kurekodi wimbo mpya wa kwaya yetu ya parokia. Nikaona moja mezani kwake, haina jina. Nikaijaribu, ikatoa mlio mkali wa kukwaruza masikio. "Hii mbovu," nikajisemea. Lakini nisijitetee. Vijiplastiki viwili vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa, na kila mtoto alijua maana yake: mwenyewe hataki ifutwe. Nilitafuna karatasi, nikaziba matundu, nikarekodi kwaya, kisha nikaitoa karatasi.

Kesho yake wakati wa chakula Baba mdogo akauliza, "Nani ameiona kaseti yangu ya hesabu? Ile isiyo na jina, inayolia kama panzi?"

Niliacha chakula. Nilikimbia kuipeleka mbele kaseti ile nisikie kama milio imebaki. Milio ilikuwepo, lakini redio ikaukamata mkanda na kuutafuna. Niliunyoosha, nikaurudisha ndani kwa kuuzungusha kwa kalamu ya bairo, kisha nikaificha kaseti kwenye chungu cha mahindi ya mbegu.

Jumamosi, shuleni, lawama zikamwangukia Beata. Huyu alikuwa rafiki yangu kutoka Liuli, ziwani, aliyekaa kwa shangazi yake Mbinga ili asome. Yeye ndiye aliyebeba mfuko wa kaseti kati ya shule na nyumba yetu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilizileta zote. Nilizihesabu," alisema.

"Marahaba. Basi hiyo moja imeota miguu? Weka mfuko hapo. Usiguse tena vitu vya kompyuta."

"Tumetembea bure kwa ajili yako," akanung'unika mvulana wa Mpepai.

Wakati wa mapumziko Beata alinigawia usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani kwao, kama kawaida yake. Macho yalikuwa mekundu. "Otti, wewe unaniamini?"

"Nakuamini," nikajibu. Usipa ule ulikuwa kama mchanga mdomoni. Nilijichukia. Nilikwenda mbio nyumbani, nikafukua chungu, nikarudi na kaseti.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeichukua. Redio imeitafuna." Yote yalikuwa kweli, ila kwaya sikuitaja. Nilidhani nusu ingetosha.

Mwalimu alinitazama sana. "Imetafunwa wapi?"

"Huku mbele, kuelekea mwisho."

"Tushukuru Mungu. Niliirekodi mara mbili, nakala ya pili inafuata ya kwanza. Ya kwanza itakuwa nzima."

Akachomeka waya. Tukasubiri. Televisheni haikuandika kitu. Akarudisha mkanda mwanzo, tukasubiri tena, na jenereta ya shule ikaanza kukohoa, dizeli imebaki kidogo.

"Mwanzo haujatafunwa, na bado hausomeki," alisema kwa huzuni. "Basi mkanda wote umeingiwa na unyevu. Nitaandika upya. Kaseti nyingine tupu sina, nitarekodi humu humu. Kwanza niufute mkanda." Akaziba matundu kwa karatasi, akaweka kidole kwenye kitufe cha kurekodia.

"Usibonyeze!" nilipiga kelele. "Mwanzoni nimerekodi kwaya!"

Mwalimu akachomoa waya, akaicheza kaseti toka mwanzo. Chumba kizima kikasikia kwaya ya parokia, na sauti yangu ikipaa juu ya wenzangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Beata alinikazia macho, akasema polepole, "Na hapo umekosea noti."

Wimbo ukakatika, milio ikaanza. Mwalimu akainua kidole. "Kumbe nusu ya mwisho ya nakala ya kwanza ipo!"

Programu hiyo ilisomwa kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa na namba. Alichukua vipande vya mwanzo kutoka nakala ya pili, mpaka pale mkanda ulipojikunja. Kisha akaurudisha nyuma, akapita kwaya, akachukua vilivyobaki kutoka nakala ya kwanza. Vingine viligoma, akavirudia mara tatu, mara nne. Hatimaye yakatokea maandishi: "Karibu. Jina lako nani?"

"Beata, andika lako kwanza," alisema Mwalimu, akimrudishia mfuko. "Nisamehe, mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

Nami nilisimama mbele ya wote, wa Mpepai na wa Mkumbi, nikasema nilichofanya, nikamwomba Beata msamaha. Alisogea kwenye benchi nikapata pa kukaa.

"Ottilia," alisema Mwalimu, "kuharibu kaseti ni kosa, lakini kaseti hutengenezwa. Ulimwacha mwenzako abebe mzigo wako. Halafu uliponipa nusu ya ukweli, nusura nifute kwa mkono wangu mwenyewe kilichobaki. Ukikosa, sema mapema, na useme yote. Nitakayemwadhibu ni wewe: utanakili programu yote kwenye daftari, mstari kwa mstari. Sasa jibu swali."

Macho yangu yalijaa machozi, tarakimu sikuziona vizuri. Nikaandika jibu, nikakosea. Televisheni ikaniandikia, "Pole, rudia taratibu."