Hondohondo Kwenye Gogo la Tanuri

Kiwandani walimwita Bwana Moshi. Yeye ndiye aliyewasha tanuri la kukaushia mbao, na nguo zake zilinuka moshi hata zifuliwe vipi. Mkewe alikuwa meneja wa kiwanda hichohicho. Nyumbani mumewe alimwita mama watoto, kazini alimwita bosi, na mzaha huo haukuwachosha.

Walitengeneza viti vya shule. Mbao mbichi hupinda, kwa hiyo lazima zikaushwe kwanza, na tanuri lilikula kuni bila kushiba. Kuni zililetwa na lori. Zilitoka wapi? Hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja Bwana Moshi aliinua shoka apasue gogo nene lenye uvungu. Akasikia kitu kinakwaruza ndani. Akalishusha shoka polepole.

"Bosi! Njoo uone!"

"Kama ni nyoka, siji," mkewe alijibu kutoka ofisini.

"Angekuwa nyoka ningeshakupita hapo mlangoni!"

Tundu la gogo lilikuwa limezibwa kwa udongo mkavu. Ulikuwa umebaki ufa mwembamba tu. Kwenye ufa huo ukachomoza mdomo wa ndege, mkubwa, uliopinda.

"Maskini!" mkewe alisema. "Nani kamfungia humu?"

Wakampigia simu afisa misitu, mama mcheshi aliyekuja na pikipiki yake. Alichungulia kwenye ufa, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Huyu ni hondohondo. Hajafungiwa na mtu. Kajiziba mwenyewe ili alee makinda salama. Manyoya ya mabawa yamemnyonyoka, hawezi kuruka mpaka yaote tena. Mumewe humlisha kupitia huu ufa."

"Na huyo mume yuko wapi?" aliuliza Bwana Moshi.

"Anautafuta mti wake, kaka. Na mti ndio huu, mbele ya tanuri lako."

Bwana Moshi alilisukuma shoka mbali kwa mguu. Mkewe alikaa juu ya kuni, akashika tama.

"Dada, tulijua mti wenye uvungu hauna kazi."

"Huo ndio wenye wapangaji wengi. Hondohondo, popo, bundi, nyuki. Na hondohondo hula matunda, akadondosha mbegu mbali. Yeye ni mpanda miti. Mkikata miti mizee yote, hana pa kutagia. Naye akitoweka, msitu hauna wa kuupanda."

"Sasa tumfanyeje?"

"Turudishe gogo lilipotoka. Tukichelewa, makinda watakufa njaa."

Dereva wa lori alijua mahali. Walilipakia gogo taratibu kama mgonjwa. Kule msituni kulikuwa na visiki vingi kuliko walivyodhani. Walilivuta gogo kwa kamba, wakalifunga imara kwenye mti uliokuwa jirani na kisiki chake. Kisha wakajificha kichakani, wakasubiri.

Jua lilipanda. Hakuna kilichokuja.

"Ningekuwa mimi humo na watoto," mke alinong'ona, "wewe ungenitafuta mpaka lini?"

"Mpaka nikupate."

"Mwongo. Ungetafuta saa moja, halafu ungeanza kuulizia chakula."

Walikuwa bado wanazuia kicheko aliposhuka ndege mkubwa mweusi. Alirukaruka juu ya kisiki. Akalia. Ndani ya gogo akajibiwa. Akatua kwenye ufa na kupitisha tunda jekundu, na mdomo wa ndani ukalipokea.

Mke alimshika mumewe mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Dada," alimwambia afisa misitu wakati wa kurudi, "mimi nina wafanyakazi. Nikifunga kiwanda watakula nini?"

"Nani kasema ufunge? Lile vumbi la mbao mnalifanyia nini?"

"Tunalitupa."

"Mnatupa kuni. Likaushwe, lichanganywe na uji wa unga wa muhogo, ligandamizwe liwe vitofali. Mbao zianikwe kivulini kwanza, ndipo ziingie tanurini. Nunueni miti ya kupandwa, yenye kibali, na mwende wenyewe kuona inakokatwa. Msitu wa asili uacheni."

Haikuwa rahisi. Vitofali vya kwanza vilikuwa na majimaji. Vilitoa moshi mpaka Bwana Moshi mwenyewe akatimua mbio. Viti vilichelewa, na bosi ikabidi awaombe radhi walimu. Lakini walipojifunza kukausha vumbi vizuri, moto ukawa mkali na wa kudumu. Dereva wa lori alinuna mwanzoni. Walipompa kazi ya kubeba mbao kutoka shamba la miti ya kupandwa, alinunua kofia mpya.

Mvua zilipoanza, wafanyakazi wote walikwenda pale penye visiki. Walipanda miche ya miti ya asili ya aina mbalimbali, si ya aina moja, kwa sababu ndege mmoja hutaka tunda hili na mwingine lile. Afisa misitu aliwaonyesha umbali wa kuachana.

Walikuwa bado wanachimba mashimo mlio ulipopasua hewa. Hondohondo wanne walipita juu yao: wawili wakubwa mbele, wawili wadogo nyuma, wakipepesuka kama walevi.

"Wametoka!" bosi alipiga kelele. Alitupa jembe, akaanza kukimbia chini yao huku matope yakimrukia.

"Bosi, kazi!" Bwana Moshi alimwita.

"Kazi baadaye!" alijibu, bila kugeuka.