Mkono Ulioshikwa

Winfred ndiye aliyeiona alama ile kwanza. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, anafua shati la mumewe kwenye karai, akakuta vumbi la chaki ya bluu kwenye kiwiko cha kulia. Chaki si ajabu kwa mtu anayecheza snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo iliyopakwa chaki. Lakini hii ilikuwa na umbo la mkono. Kidole gumba kilikaa upande wa nje, na vingine vinne vilizunguka kwa ndani, virefu mno, hadi ncha zao zikakipita kile kidole gumba na kuendelea.

"Baba Kawira, nani alikushika hapa?"

Nthiga alikuwa ameketi mlangoni akivaa gambuti, macho bado mazito. "Hakuna mtu. Nilikuwa peke yangu."

Winfred akasugua kwa sabuni, akasugua kwa jiwe. Alama ilipotoka ilitoka yenyewe, yeye akiwa ameshakata tamaa.

Nthiga alikuwa na bucha pale Kanyakine. Aliamka kabla ya jogoo kuwika, akaenda kichinjioni, akasimama kutwa akipasua mifupa, akafunga duka watu walipokuwa wameshakula. Katikati ya mchana, wateja wanapopotea, alimwachia Winfred duka akavuka barabara hadi ukumbi wa Mukiri. Humo mlikuwa na meza kubwa ya snuka, ya pekee katika mji ule. Hapo ndipo alipopumzika, kama kuinama juu ya meza ni kupumzika.

Ila hakuwa mshindi. Kila mwaka alikwenda kwenye mashindano Embu, na kila mwaka alitolewa raundi ya kwanza. Kosa lake lilijulikana. Mzee Mukiri, aliyemfundisha, alikuwa amelisema hadi likamchosha: alilenga vizuri, alitulia vizuri, lakini fimbo ilipokwenda mbele kiwiko kilitoka nje kidogo, na mpira ukaenda kando.

"Mkono ni kama mlango," Mukiri alimwambia. "Bawaba haihami, kinachotembea ni mlango. Usikaze vidole. Rudisha fimbo polepole, simama kidogo, halafu pita katikati ya mpira. Na kichwa kisiinuke."

Alimpa zoezi moja tu. Aupige mpira mweupe kufuata mstari wa katikati ya meza, uende hadi ukingo wa mbali na kurudi. Fimbo ikinyooka, mpira utarudi kuigusa ncha yake. Nthiga alilifanya zoezi hilo mwaka mzima. Mpira ulirudi kulia, ukarudi kushoto, kama mlevi anayetafuta lango la kwake.

Wikendi ile kabla Winfred hajaiona alama, Mukiri alikuwa ametoka kwenda kula, na Nthiga akabaki ukumbini peke yake. Mgongo ulimuuma. Mpira ulikuwa umemkosea tena. Akaegemea fimbo na kusema, bila hasira yoyote, "Yeyote anayeweza kuushika mkono huu, aushike. Mimi nimechoka."

Pikipiki za barabarani zikasikika kama zimefunikwa blanketi. Ikaja harufu ya ngozi ya ng'ombe iliyolowa na kusahauliwa ndani ya gunia. Nthiga alinusa shati lake, akidhani ni yeye. Akainama tena mezani, na kitu baridi kikatua kwenye kiwiko chake, kwa upole, kama kinyozi anavyoshika kidevu. Akapiga. Mpira ukaenda, ukarudi, ukagusa ncha ya fimbo. Akapiga tena. Ukagusa tena.

Labda angekimbia, kama asingekuwa amechoka kiasi kile. Alichohisi ni nafuu, kama mtu aliyepokelewa mzigo njiani.

Baada ya hapo hakuna aliyemshinda. Vijana walitoka Nkubu kuja kutazama mkono wa muuza nyama usiotikisika. Walipiga makofi. Mukiri hakupiga. Alasiri moja aliwatoa wote, akarudisha mlango, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Nthiga, unapumua na nani?"

"Sikuelewi, mzee."

"Ukirudisha fimbo unazuia pumzi, kama nilivyokufundisha. Nakusikia ukiizuia. Lakini kuna nyingine haizuiwi."

Nthiga akatazama zulia la kijani la meza. Yeye pia alikuwa akiisikia, nyuma ya sikio la kulia, yenye unyevu. "Mashindano ni Jumamosi ijayo," akasema hatimaye. "Wacha nifike Embu kwanza."

"Sijakuuliza habari ya Embu," Mukiri akajibu.

Tatizo ni kwamba mkono haukuwa ukipumzika tena. Kanisani, watu wameinamisha vichwa, ulikwenda nyuma na mbele juu ya goti lake, polepole, kiwiko kimetulia kama kimepigiliwa msumari. Mezani aliposhika kijiko ulikipeleka mbele kwa mstari, ukakataa kujikunja kuja mdomoni, akajifunza kula kwa kushoto. Akilala, ulifanya mazoezi. Winfred aliuona ukitembea chini ya blanketi huku mwenyewe akikoroma, na asubuhi Nthiga aliamka bega limevimba, mifuko imening'inia chini ya macho, amechoka kuliko alipolala.

"Nani yuko kwa huu mkono?" Winfred alimnong'oneza.

"Itaisha, Mama Kawira. Ni uchovu."

Siku ya Jumatano asubuhi, duka limefunguliwa tu na wateja hawajafika, Winfred alisimama upande wa pili wa kaunta akipanga karatasi za kufungia, na Nthiga alikuwa akitoa mafuta kwenye paja la ng'ombe kwa kile kisu chembamba, alipoinusa ile harufu ya ngozi iliyooza, akajua kuwa si ya duka, akaona kiwiko chake kikiinuka taratibu na kutulia, na kisu kikilala sawa, ncha yake ikitafuta mstari wake kupita juu ya mzani, juu ya karatasi, hadi kwenye kile kishimo kidogo chini ya koo la mke wake, na mkono ukarudi nyuma polepole kama alivyofundishwa, bila kukaza vidole, bila kichwa kuinuka, na ukifika nyuma ukasimama kidogo, na hakuna aliyejua kuliko yeye kinachofuata baada ya kusimama huko, akataka kupiga kelele lakini pumzi aliyoizuia haikuwa yake, akajirusha na mwili wake wote upande, kiuno kikagonga gogo la kukatia, na kisu kikamchomoka mkononi, kikapita kando ya sikio la Winfred na kuzama kwenye mwimo wa mlango hadi kwenye mpini.

Winfred alivua aproni, akafunga duka.

Alikuwa amesikia habari za Cicily, mjane wa huko Embu aliyeombea watu wenye mambo ya namna hii. Walimkuta uani akipukuchua mahindi, miguu imevimba, naye akaonekana kuchoka kuwashinda wao. Aliushika mkono wa Nthiga, akauachia haraka.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Ulimkaribisha. Ulimwambia nini?"

Nthiga akamweleza.

"Basi maombi yangu peke yake hayatamtoa. Mimi nitaomba, lakini ni wewe utamfukuza, palepale ulipomwita. Na akienda, atakwenda na alichokuletea."

"Tunaweza kungoja Jumapili?" Nthiga akauliza. Aliona aibu akiuliza. "Jumamosi nina mashindano."

Winfred akamgeukia. "Jumapili utanipata hai?"

Kesho yake mchana Cicily alifika ukumbini kwa Mukiri. Walifunga madirisha. Mukiri aliuweka mpira mweupe kwenye mstari, akarudi ukutani karibu na Winfred. Cicily akafungua Biblia lakini hakuisoma. Alifumba macho, akaanza kuomba kwa Kiembu, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa.

"Inama," akamwambia Nthiga. "Ukifika pale pa kusimama, umwambie."

Nthiga akainama. Ubaridi ukamkaa kwenye kiwiko, kisha, kwa mara ya kwanza, ukapanda hadi begani, na kitu kizito kikamlalia mgongoni, kidevu chake kikiwa juu ya kichwa cha Nthiga, kikikibonyeza kisiinuke, na fimbo ikarudi nyuma ikiwa imenyooka kuliko siku zote, akaona njia ya ule mpira wazi kabisa, ukienda na kurudi, akaiona na Embu, na watu wamesimama wakimpigia makofi, na ile pumzi ikamwambia sikioni kwa Kimeru, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba amechoka sana na hakuna haja ya kujisumbua.

Fimbo ikasimama.

"Niachie mkono wangu," Nthiga alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Hata ukipinda, ni wangu."

Akakaza vidole, akakitoa kiwiko nje kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia. Fimbo ikachana zulia, mpira ukaruka mezani ukavunja kioo cha dirisha, na ile harufu ikapita katikati yao na kutoka na vigae vya kioo. Nje, mbwa aliyelala chini ya kibanda aliinuka akakimbia bila kubweka.

Cicily akaketi kwenye benchi, akaomba maji.

Jumamosi Nthiga alikwenda Embu hata hivyo, mkono umefungwa bandeji. Alipangiwa mwanamke kijana aitwaye Gatakaa, na kwa muda mrefu walikwenda sawa. Ukabaki mpira mmoja mweusi, wa kuamua mshindi, karibu na mfuko wa meza, wa mtu yeyote kuuingiza. Akainama. Akasikiliza. Palikuwa na pumzi moja tu. Akapiga, kiwiko kikatoka nje kidogo, na mpira mweusi ukagonga kona ukabaki. Ukumbi ukaguna. Gatakaa akaja akamaliza.

Nthiga akampa mkono, akatoka nje, akapiga simu.

"Nimetolewa," alisema.

"Kiwiko?" Winfred akauliza.

"Kilitoka nje."

Akamsikia akivuta pumzi ndefu, halafu akicheka polepole, kicheko cha mtu aliyekesha siku nyingi.

"Basi kuja nyumbani ulale," akasema.