Gari Lililolalia Upande wa Dereva

Mtaani kwa shangazi yangu alikuwepo muuza spea waliyembandika jina la Orijino, maana kila alichouza alikiapia kuwa ni orijino, hata msumari. Mwenye gari la Kimarekani la zamani, yale marefu yenye mapezi nyuma, hakuwa na haja ya kuzunguka. Springi, bushi, shokapu, vyote vilining'inia ukutani kwake, vimepakwa rangi nyeusi ya kung'aa.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, mjane wa mpiga picha aliingia uani na gari la marehemu, la Kimarekani, usukani kushoto. Mwaka uliopita gurudumu la mbele liling'oka mteremkoni, gari likatumbukia korongoni, na mumewe akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Sasa bodi ilikuwa imenyooshwa, huwezi kujua.

"Shemeji," alisema, "limelalia upande wa dereva. Nitafutie springi."

Orijino alimkaribisha kwa maneno matamu. Mkono wa chini, kile chuma kinachoshikilia gurudumu la mbele, ni yeye aliyemuuzia marehemu. Ulikuwa na ufa. Aliuchomelea, akaupaka rangi, akaapa kama kawaida yake. Hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Akapiga jeki, akafunga springi mpya, akashusha gari. Akapima kwa tepu kutoka chini hadi ukingo wa madigadi. Kulia, sentimita sabini. Kushoto, sitini na tatu. Akabadilisha springi. Sitini na mbili. Akahamisha ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Bado.

Akafungua mlango wa dereva. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati.

"Hataki kushuka," mjane alinong'ona. "Anangoja useme."

"Niseme nini, shemeji?"

"Fundi wa bodi alinionyesha chuma kilichokatika. Chini ya rangi kulikuwa na weldingi. Nakuchukia, shemeji, nakuchukia mpaka chakula hakipiti. Lakini sitakugusa. Sema ukweli mbele yake, basi tuondoke."

Orijino aliliangalia duka lake. Akisema, duka limekufa, na jela inamsubiri.

"Haki ya Mungu, mimi siuzi kitu kilichochomelewa."

Mjane akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Amekusikia."

Springi zikalia. Upande wa dereva ukainuka, polepole, mpaka ukawa sawa na mwenzake. Kisha pikapu ya Orijino, ya milango minne, iliyoegeshwa pembeni bila mtu ndani, ikalala upande wa abiria. Mjane akawasha gari, akaenda zake bila kuaga.

Orijino alijiambia ni tairi. Akajaza upepo. Haikusaidia kitu.

Saa kumi alasiri akampitia mkewe kazini kama siku zote. Mkewe alifungua mlango wa mbele, akasita.

"Shikamoo," akasema kwa adabu. Akaufunga mlango, akapanda kiti cha nyuma.

"Unamwamkia nani?"

"Si mgeni wako huyo? Mbona hukuniambia una mtu?"

Orijino hakugeuza shingo. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea. Akakanyaga mafuta, afike nyumbani, afike tu. Mteremko ukaanza.

Mkewe akainama mbele, akamnong'oneza sikioni.

"Mume wangu, mgeni anaongea kwa sauti ya chini mno. Anauliza, ule mkono wa chini, rangi uliipaka mwenyewe?"

Orijino akafungua mdomo kujibu. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwake.