Kiti cha Kushoto

"Bibi, wewe ulizaliwa juu ya farasi na utafia juu ya farasi. Mambo ya magari tuachie wenyewe!"

Ndivyo alivyonijibu mjukuu wangu, Tuguldur, mdomo umejaa nyama ya kondoo, mbele ya mama yake. Na mimi sikukaa kimya. Nikamwambia, "Na wewe utafia juu ya nini, baba?"

Handaa, mama yake, akagonga upawa kwenye sufuria. Ko!

"Mama mkwe! Maneno ya kufa jioni hii yametoka wapi? Na wewe mtoto, bibi yako hajibiwi hivyo. Kula."

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mwanangu, mume wa Handaa, alikufa akaacha farasi mmoja wa mashindano, mwekundu, paji jeupe. Farasi yuko bara kwa mjomba wa Tuguldur, sisi tuko huku pembeni mwa Ulaanbaatar, kwenye mahema ya sufi na moshi wa makaa. Tuguldur kaona gari kwenye simu. Gari la michezo, la milango miwili, jeupe kama jino, limetumika huko Japani. Anataka farasi auzwe, gari liletwe. Dalali wa soko la magari ya mitumba kamwambia jibu liwe limepatikana Ijumaa, siku hiyo ikipita gari halipo. Na farasi yuko kwa jina la Handaa. Kwa hiyo wa kusema ndiyo au hapana ni Handaa peke yake.

"Mbona bei rahisi hivyo?" Handaa akauliza.

"Wajapani wanachoka na gari upesi, mama."

"Watu hawachoki na kitu kizuri upesi. Wanachoka na kitu kibovu."

"Basi baba alikuchoka?"

"Nitakupiga na huu upawa."

Wakacheka wote wawili. Wakigombana walikuwa wanacheka, nyumba ile. Kumbuka hilo, mgeni wangu.

Jumanne hiyo jua lilikuwa linazama, saa kumi na moja, si unajua majira ya baridi. Handaa alikuwa ametoka kununua maziwa, yale mabonge yaliyoganda, akayayeyusha jikoni. Tuguldur akamwekea simu mbele ya macho. Picha moja, picha mbili, picha kumi. Gari kwa mbele. Gari kwa nyuma. Ndani, usukani upande wa kulia kama yanavyokuja yote ya kwao, viti viwili vyekundu, mikanda inaning'inia. Handaa akatazama. Na mimi nilimwona, alilipenda. Mwanamke aliyefiwa, mtoto wake hajang'aa uso miaka miwili, leo kang'aa... Ungefanyaje?

Akachovya kidole cha pete kwenye maziwa. Akarusha tone kuelekea ile simu, baraka tunayompa msafiri. Akarusha mara nne, moja kwa kila gurudumu, kuelekea mashariki iliko bahari.

"Haya, mzuri wangu," akasema kwa utani. "Njoo salama. Usipotee njia. Nyumbani ni hapa."

Nikamshika mkono. "Handaa! Maziwa hayarushiwi kitu ambacho hujakinunua. Hujui kina nani ndani."

"Mama mkwe, ni picha."

"Ulichokisema si picha."

Akacheka. Tuguldur akacheka. Nikanyamaza, maana mzee akisema sana anaitwa mchawi.

Jumatano jioni Handaa akatoka na kigari cha mkono kwenda kuchota maji. Baridi ilikuwa ya kupasua mawe. Ukitema mate yanafika chini yamekuwa changarawe. Aliporudi alifungua geti, na mbwa wetu Basar hakubweka. Basar anabwekea hata mwezi. Siku hiyo alikuwa kwenye kona ya ua, mkia katikati ya miguu, anatetemeka.

"Una nini, wewe?"

Mbwa akajikunyata zaidi.

Mbele ya mlango wa hema palikuwa na dimbwi la maji. Kubwa kama sinia. Handaa akadhani nimemwaga chai. Halafu akasimama...

Maji yalikuwa yanacheza.

Baridi ile, maji hayakuwa yameganda. Yalikuwa yanaenda, yanarudi, yanaenda, yanarudi, polepole, bila upepo. Akainama. Harufu ikampanda puani, harufu ambayo hakuwahi kuinusa maisha yake yote. Si ya mzoga, si ya dawa. Kama chuma kilichooza. Kama chumvi iliyolala na kitu kilichokufa. Akagusa kwa kidole, akaonja, maana alikuwa bado anadhani ni chai.

Uchungu wa chumvi. Akatema.

Akaingia ndani. Usiku huo nilimsikia anageuka kitandani kama samli kwenye chungu. Mara ainuke achochee jiko. Mara amsikilize mwanawe anavyopumua. Mara akae. Asubuhi akaniambia, "Mama mkwe, nadhani nitakataa."

"Mwambie leo."

"Kesho ndiyo Ijumaa. Acha alale na furaha yake siku moja zaidi."

Hilo ndilo kosa la pili. La kwanza nimeshakwambia.

Alhamisi mchana Tuguldur hakwenda kazini. Alikaa na simu tu, anaangalia zile picha, zilezile. Handaa akaketi karibu naye.

"Hebu nione tena."

Gari kwa mbele. Lakini Jumanne kioo kilikuwa safi, unaona viti. Sasa kioo kimefunga ukungu. Ukungu wa ndani, kama mtu amekaa humo na madirisha yamefungwa, anapumua.

"Simu imeingia baridi," Tuguldur akasema.

"Onyesha za ndani."

Viti viwili vyekundu. Mkanda wa kiti cha kushoto unaning'inia. Mkanda wa kulia, upande wa dereva...

Umefungwa.

Umefungwa juu ya kiti kitupu. Na umekazwa, mgeni wangu, haujalegea, umesimama kwa mbele kama unavyosimama juu ya kifua cha mtu.

"Ulikuwa hivi Jumanne?"

"Sikumbuki, mama."

"Tuguldur. Nitazame. Ulikuwa hivi?"

Hakumtazama. Alikuwa anatabasamu na ile simu. "Kuna nafasi kushoto," akasema, sauti ndogo, kama anaongea na mwenzake.

Handaa akamnyang'anya simu, akaisukumiza chini ya godoro langu. Mimi nikaikalia. Mpaka leo sijui nilitegemea nini, mwanamke wa miaka sabini na nane kukalia simu.

Jua likazama. Nikafukiza mreteni, majani yetu ya kufukuzia mabaya, hema zima likajaa moshi mtamu. Moshi ukaenda mpaka mlangoni, ukakataa kutoka. Ukakunjika ukarudi ndani.

Halafu... tap.

Tap.

Tap.

Nyayo zilizolowa, juu ya udongo mkavu wa baridi. Kwetu mtu akikaribia hema anapiga kelele kutoka mbali, "Shikeni mbwa!" Hata adui anapiga kelele hiyo. Huyu hakusema kitu. Na Basar hakubweka.

Nyayo zikasimama mlangoni.

Handaa akanitazama. Nikatikisa kichwa. Lakini wewe unajua mila yetu. Mgeni hafukuzwi kwenye baridi. Hema ambalo halimpi msafiri chai, hilo si hema, ni shimo. Handaa akachukua bakuli la chai ya maziwa, akafungua mlango kidogo, upana wa uso.

Palikuwa na kijana. Umri wa Tuguldur, au zaidi kidogo. Shati jepesi. Nywele zimelala usoni, zinadondosha maji. Mzuri, aliniambia Handaa, mzuri wa kutia huruma. Kilichomtisha si maji. Baridi ile ukifungua mdomo unatoa moshi kama birika. Handaa alikuwa anatoa moshi. Kijana alikuwa amefungua mdomo...

Hakuna moshi.

"Mama," akanong'ona. "Nimefika."

"Mimi si mama yako."

"Umeniita. Umesema nyumbani ni hapa."

"Nililiita gari."

"Mimi ndiye niliyemo."

Handaa akashika fremu ya mlango. Bakuli likamwagika nusu.

"Nimekaa chini muda mrefu," kijana akasema. "Walilitoa gari, wakalikausha, wakalipaka rangi. Hakuna aliyeniambia nitoke. Hakuna aliyeniita popote. Wewe peke yako." Akatazama ndani, juu ya bega la Handaa. Akamwona Tuguldur. Na Tuguldur, nakuapia mbingu, alishaanza kusimama. "Sitamsumbua. Usukani nitashika mimi. Yeye nitampa kiti cha kushoto."

Nikamrukia mjukuu wangu, nikamkalia kama nilivyoikalia simu. Mifupa yangu yote ikalia. Alikuwa anasukuma. Si kwa hasira, kwa hamu. Mwili wake ulikuwa wa baridi.

"Handaa!" nikamwambia. "Sema! Sasa hivi! Ndiyo au hapana!"

Na Handaa... yule mwanamke simsifii, tumegombana miaka ishirini na tano, ugomvi wetu wa mto wa kitanda cha harusi hata leo haujaisha. Lakini siku hiyo alisimama kama nguzo.

"Gari hatulichukui," akasema. "Farasi hauzwi. Mwanangu ana baba yake, ana mama yake, ana bibi yake. Kiti cha kushoto hana haja nacho. Kunywa chai, mwanangu, halafu uende."

Akaweka bakuli nje ya kizingiti, chini. Kijana akapiga goti. Akainama, akanywa. Handaa aliona chai ikishuka kooni, akaiona inatoka chini ya shati na kumwagika.

"Tamu," akasema. Akalia. Ndiyo, alilia, hata mimi nilimsikia. Kilio cha mtoto aliyesahauliwa sokoni. "Niende wapi?"

Handaa akamwonyesha geti kwa mkono.

Kijana akageuka. Tap. Tap. Tap. Mpaka getini. Tuguldur akalegea chini yangu, akaanza kukohoa, akaniuliza, "Bibi, mbona umenikalia?" Nikaishukuru mbingu. Tumepona, nikasema moyoni. Nikainua kichwa kumtazama Handaa.

Alikuwa amesimama mlangoni na kijiko chetu cha mbao cha kurushia maziwa.

Msafiri akiondoka mwenye nyumba anamrushia maziwa nyuma yake, ili njia iwe nyeupe na arudi salama. Handaa amelifanya hilo kwa kila aliyetoka kwetu tangu aolewe. Alilifanya mumewe alipoondoka mara ya mwisho. Hakufikiri. Mkono ulienda wenyewe.

"Handaa," nikasema. "Handaa, umefanya nini?"

Akautazama mkono wake. Kijiko kilikuwa kitupu. Matone meupe yalikuwa yameanguka juu ya nyayo za maji, mpaka getini.

Akakaa chini palepale kizingitini, jambo ambalo ni mwiko, na wala sikumkemea.

Ijumaa Tuguldur alimpigia dalali mwenyewe, akasema hapana, sauti yake ya kawaida. Mchana akaja Zundui, kaka yake Handaa, yule mjomba anayetunza farasi, aliyewahi kubeba mizigo bandarini Tianjin, Uchina, miaka sita. Aliingia, akanusa sufi ya mlango, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, nani kaleta bahari humu?"

Tukamweleza. Akaenda sokoni kumbana dalali shingo. Dalali akaapa hajui. Alipobanwa zaidi akasema ndiyo, amesikia eti gari liliwahi kuingia majini kwenye gati fulani, lakini lilisafishwa, na mambo ya nani alikuwemo yeye hakuuliza, yeye anauza magari hauzi habari. Zaidi ya hapo hatujui. Jina la kijana hatujui. Labda tungelijua tungemwita kwao.

Tulihama mwezi uleule. Farasi tunaye. Kiangazi Tuguldur anampanda, anakwenda naye mpaka kilimani na kurudi. Farasi wa mbio, hachoki upesi yule. Lakini siku nyingine anarudi ametota, magoti yanatetemeka, kama aliyebeba watu wawili. Jasho likikauka mgongoni linaacha chumvi nyeupe. Mjomba anasema jasho la farasi lote lina chumvi. Kweli, lina chumvi. Handaa anamfuta yule farasi kwa kitambaa, anafuta, anafuta, mpaka giza linaingia.

Gari lilimpata mtu mwingine. Limeonekana hapa mjini, jeupe, milango miwili, kioo kina ukungu hata jua la mchana. Sasa wewe una miguu, una simu, unajuana na watu. Mtafute mwenye nalo. Mwambie asiendeshe na mtoto wake kushoto. Mwambie aulize jina la yule kijana, alipeleke kwa mama yake, huyo mama amrushie maziwa, maana sisi siyo wa kumwita. Ulisimulie hili kila unapofika mpaka limfikie.

Ila usiseme tulipohamia. Na majina niliyokupa humu, yote siyo. Mjukuu wangu tangu jioni ile tunamwita Siye-Huyu, kama tulivyowaita zamani watoto wanaofuatwa na pepo, ili pepo asiwatambue.

Ukiulizwa mlangoni na mtu aliyelowa, jibu hivyohivyo. Siye huyu. Halafu uushike mkono wako.