Kiatu cha Kushoto cha Injinia Wakhungu

Injinia Wakhungu alikuwa akitembea kinyumenyume, akiwaeleza wageni wa kamati ya wavuvi kwa nini msingi wa ghala lao la samaki hautadidimia hata ziwa likifura, ndipo alipodidimia yeye mwenyewe. Mguu wa kushoto uliingia kwenye zege bichi hadi gotini. Wageni walinyamaza kwa heshima, kimya kinachouma kuliko kicheko. Kisha mama mmoja akashindwa kujizuia, na ufuo mzima wa Seme ukaangua kicheko.

Mafundi wawili walimshika kwapani wakamvuta. Mguu ukatoka na soksi. Kiatu kikabaki.

"Tuchimbe, Injinia?" aliuliza Opondo, msimamizi wa mafundi, kwa sauti ya chini. "Kitu ya mtu haiachwi kwa msingi, karibu na maji hivi. Si vizuri."

Wakhungu alitazama lori la zege likinguruma, likimngoja. Alikuwa amepita umri wa hamsini. Alikuwa amejenga barabara Juba na daraja Lubumbashi. Na huko Uarabuni alijenga vyoo vya uwanja wa ndege, ingawa kwa wakwe zake alisema tu "uwanja wa ndege". Kote huko alichoka, lakini uchovu wa mwaka huu ulikuwa umeingia hadi kwenye nywele. Alichotaka ni kuketi.

"Mwaga," alisema. "Kiache hapo. Ghala litapata mtu wa kulilinda."

Watu walicheka tena. Opondo hakucheka.

Wakhungu alirudi nyumbani, mtaa wa Mamboleo mjini Kisumu, amevaa buti za mpira za kazini. Kile kiatu cha kulia alikiweka nje ya mlango, akingoja kukumbuka kukitupa.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, mashine zilizimwa na mafundi wakaketi kivulini kula nyoyo, yale mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Wakhungu alikuwa ameegemea rundo la mchanga, amefumba jicho moja, aliposikia hatua.

Ko. Chap. Ko. Chap.

Soli ngumu, kisha unyayo uliolowa. Mtu alikuwa akitembea juu ya msingi, na msingi ulikuwa mtupu, mweupe kwa jua. Upepo ulileta harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, na ndani ya harufu hiyo, rangi ya viatu.

"Opondo," alinong'ona. "Wasikia?"

"Tangu juzi." Opondo hakuinua macho kwenye sahani. "Wote wanasikia. Wanaogopa kukuambia, kwa vile anatembea kama wewe. Anavuta bega, hivi."

"Nani huyo anayetembea?"

"Yawa, Injinia! Si ni wewe ulimwandika kazi?"

Jioni hiyo mkewe, Lorine, alimfungulia mlango akiwa amekunja uso.

"Baba Shantel, umetoka tena saa ngapi?"

"Nimetoka wapi? Ndiyo naingia."

"Wacha mchezo. Nilikuwa jikoni nikakusikia ukiingia, ukavuta kiti. Ulikuwa unaimba, nikasema leo afadhali. Halafu angalia vile umenichafulia nyumba."

Sakafuni palikuwa na nyayo za mguu wa kulia, mtupu, wenye tope na vidole virefu mno. Kati ya unyayo na unyayo palikuwa na alama ya soli ya kiatu cha kushoto. Zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti chake. Kiti kilikuwa kimelowa. Na Wakhungu hakuwa ameimba ndani ya nyumba hiyo tangu binti yao aende chuoni Bondo.

Akamweleza mkewe kila kitu, hata kile kicheko. "Mtu akipiga hodi kwa sauti yangu," alimaliza, "tazama miguu kwanza. Mwenye viatu viwili ndiye mimi. Mwenye mguu mmoja mtupu, usimfungulie hata akilia."

Opondo alimpeleka kwa Mama Rachael, mwombezi wa kanzu nyeupe pale Kombewa. Aliwasikiliza akichambua omena, dagaa wa ziwani, bila haraka.

"Kiatu kinajua njia ya kwako," alisema. "Huyo jini anakuja nusu, kwa sababu amepata kimoja. Akipata cha pili atakuja mzima, na hatatoka. Kile cha nyumbani kichome leo. Halafu vunja hiyo sakafu, utoe chako, tuombe hapo."

"Mama, nikivunja msingi lazima niandike sababu."

"Andika kiatu."

Wakhungu alicheka mpaka akakohoa. Akilini aliwaona wahandisi wenzake wakipitisha barua hiyo meza kwa meza. Akaandika "kasoro ya zege", na ruhusa ikachukua wiki nzima kuja. Na kile kiatu cha mlangoni? Siku hiyo alifika, akaketi kidogo kabla ya kutafuta mafuta ya taa, akaamka asubuhi. Kesho yake akasema kesho. Kila siku aliapa, na kila siku kochi lilimshinda nguvu.

"Siku hizi unarudi mapema," Lorine alimwambia asubuhi moja, akitabasamu. Wakhungu alikuwa amerudi usiku. Alitaka kumwuliza alimfungulia nani, lakini akachukua ufunguo wa gari, akapita mlangoni bila kutazama kama kile kiatu bado kipo.

Siku ya kuvunja, alishuka mwenyewe kwenye shimo lililochimbwa kando ya msingi. Zege lilipasuka, na ndani yake likaonekana tundu lenye umbo la kiatu, hata alama za kamba zikisomeka vizuri. Lilikuwa tupu.

"Cha nyumbani ulichoma?" Opondo aliuliza.

Wakhungu aligeuka kupanda, na tope lililokuwa chini ya msingi likambana. Akavuta, mguu wa kushoto ukatoka bila buti, naye hakusimama kuichimba, akakimbilia gari hivyo hivyo na kuliendesha mbio kuelekea Kisumu huku jua likizama mgongoni, akipita maduka na mifugo na watu waliompungia mkono asiwaone, akiomba kwa Kibukusu, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kidogo cha vyoo, mpaka akafika, akapanda ngazi, na pale nje ya mlango, mahali pa kile kiatu, akakuta duara la maji tu.

Ndani kulikuwa na harufu ya samaki wa kukaanga. Lorine alikuwa akicheka, kicheko ambacho Wakhungu alikuwa amekisahau. Ufunguo haukuzunguka, mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Lorine! Ni mimi. Fungua!"

Kicheko kilikatika. Kiti kikavutwa, na mtu mzito akatembea taratibu sebuleni.

Ko. Ko. Ko. Ko.

Pazia la dirisha likasogea kidogo. Lorine alitazama chini, kwenye ule mguu wa kushoto, mtupu, uliojaa tope la ziwa hadi gotini.

"Lorine, mama, nisikilize..."

"Mwenye viatu viwili yuko mezani," Lorine alisema, "na leo hajachoka. Wewe rudi ziwani."